Jinsi ya kupima uchapaji wa printa ya wino kabla ya kununua

Msomaji anayepita katika maduka ya vifaa vya ofisi ya Posta na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ataona kwamba printa za wino za tangi, zile zinazojazwa kwa chupa badala ya kubadilishwa katriji, zimejaa rafuni. Gharama ya kila ukurasa ni ndogo, na hilo ndilo linalosemwa na wauzaji. Linaloulizwa kwa nadra ni hili: karatasi inayotoka humo ni ya namna gani, na itakuwaje baada ya wiki moja, baada ya mvua, na baada ya miaka mitano kabatini? Somo letu la wiki hii linahusu swali hilo.

Tuanze na kisa. Kampuni moja ndogo ya usafirishaji wa mizigo, ambayo mwandishi anaifahamu, ilikuwa ikichapa hati zake za makabidhiano kwa printa ya wino. Wakati wa masika dereva alipeleka saruji kwa mteja, akasainiwa, akaiweka hati juu ya dashibodi ya lori ambalo dirisha lake halifungi vizuri. Hati ililowa. Saini ya mpokeaji, iliyotiwa kwa kalamu ya biki, ilibaki imara kabisa. Idadi ya mifuko, namba ya gari na tarehe, ambazo zilitoka kwenye printa, ziligeuka ukungu wa bluu. Mhasibu wa mteja alisema, na huwezi kumlaumu, kwamba alichoonyeshwa ni uthibitisho kuwa mtu wake alipokea kitu fulani, kiasi fulani, siku fulani. Malipo yakasimama.

Karatasi ya dukani si karatasi yako

Printa ile haikuwa mbovu. Siku iliponunuliwa, muuzaji alichapa picha ya ua jekundu kwenye karatasi nene ya picha, ile inayong'aa, na kila aliyekuwepo aliisifu. Karatasi ya namna hiyo ina tabaka maalumu juu yake linalonyonya wino na kuushika palepale ulipotua. Lakini ofisi haitumii karatasi hiyo. Ofisi inatumia rimu ya A4 ya gramu 80, pengine 70 bei ikipanda, ambayo ni nyuzi za mti zilizoshikanishwa na kutiwa wanga na dawa kidogo ya kupunguza unyonyaji wa maji. Na wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji. Tone likitua hufuata njia za nyuzi, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza, na ukingo wa herufi huota ndevu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kwenda dukani na karatasi yako mwenyewe. Chukua karatasi kumi kutoka katika rimu mnayoitumia, ziweke ndani ya jalada la plastiki ili zisinyonye unyevu njiani, na umwombe muuzaji achape juu ya hizo. Ukiweza, chukua na nyingine kumi za rimu ya bei ya juu kidogo. Mara nyingi tofauti kati ya karatasi mbili ndani ya printa moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya printa mbili juu ya karatasi moja. Mtu anayejua hilo anaweza kuokoa fedha za printa mpya kwa kubadilisha rimu tu. Zipo karatasi za kawaida za ofisi zenye alama ya ColorLok kwenye kifungashio. Hizo zimetiwa chumvi ambayo huifanya rangi iganda karibu na uso wa karatasi badala ya kuzama, na maandishi huwa meusi zaidi.

Mwangalie muuzaji anapobonyeza. Printa hupokea amri mbili zinazobadilisha kila kitu: aina ya karatasi na kiwango cha ubora. Kwenye skrini kiwango huandikwa Draft, Normal au Best, au maneno yanayofanana na hayo. Ukipewa sampuli ya Best na kesho ofisini karani wako akachapa kwa Normal, mnazungumzia mashine mbili tofauti. Taka sampuli ya Normal, na ya Draft kama ofisi yenu ina desturi ya kubana wino.

Namba iliyo kwenye sanduku

Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya nukta kwa inchi. Namba hiyo ilikuwa na maana kubwa hapo zamani. Mwaka 1977 mtafiti wa Canon, Ichiro Endo, aliona chuma cha kulehemu chenye moto kikigusa sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka kutoka nchani. Hapo ndipo kampuni hiyo ilipopata wazo la kurusha wino kwa joto. HP nayo ilikuwa ikifanya utafiti wa aina hiyo, na mwaka 1984 ikatoa ThinkJet, yenye nukta 96 tu kwa inchi. Mwaka 1988 ikaja DeskJet yenye nukta 300, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya dola 1,000. Epson ilishika njia nyingine, ya kuusukuma wino kwa kipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme, na Stylus Color yake ya mwaka 1994 ilifikia nukta 720. Kutoka 96 kwenda 300 tofauti ilionekana na kila mtu. Herufi ziliacha kuwa ngazi.

Leo sanduku huandikwa 4800 kwa 1200, au 5760 kwa 1440, na mnunuzi hudhani ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Tufanye hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukigawanya kwa 5760 unapata chini kidogo ya elfu tano za milimita, yaani 0.0044. Tone la wino la pikolita 3, kipimo kinachotajwa mara nyingi katika printa za aina hii, lina kipenyo cha takriban milimita 0.018 likiwa bado hewani, na likitua kwenye karatasi hutanuka zaidi. Nukta haiwezi kuwa ndogo kuliko tone lililoifanya. Namba ile kubwa, basi, inaeleza jinsi kichwa kinavyoweza kusogeza mahali pa kudondoshea tone, haielezi udogo wa alama. Zaidi ya hapo, nyuzi za karatasi zenyewe zina upana wa mia mbili hadi nne za milimita, yaani 0.02 hadi 0.04. Mtu anayelipia tofauti ya 4800 na 5760 kwa ajili ya ankara za karatasi ya gramu 80 ananunua kitu ambacho karatasi yake haiwezi kukionyesha.

Ukurasa wa majaribio

Tengeneza ukurasa mmoja, uuhifadhi kwenye simu au flashi, na uutumie huohuo kwa kila printa. Usiwe ukurasa wa urembo. Anza na aya moja ya maandishi ya kawaida, ukiirudia kwa ukubwa wa 12, 10, 8 na 6. Ukubwa wa 6 si mzaha: ndio unaobeba masharti ya malipo, namba ya akaunti ya benki, TIN na VRN chini ya ankara. Andika hapo namba zenye 3, 6, 8 na 9 zilizobanana. Tumia aina mbili za herufi, Times New Roman na Arial, maana ya kwanza ina miguu membamba inayopotea haraka.

Weka jedwali la mistari myembamba, halafu mstari mmoja wa wima kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Weka mraba mweusi wa sentimita 5, na mwingine wa kijivu cha nusu. Ndani ya mweusi andika maneno meupe. Weka mstatili wa manjano na juu yake maneno meusi. Weka nembo ya kampuni yenu, na kama mnatumia msimbo wa QR, uweke katika ukubwa mnaoutumia kweli. Picha ya uso wa mtu inatosha moja. Jicho la binadamu ni kali sana kwa rangi ya ngozi na litakuambia upesi kama printa inaelekea kwenye kijani au wekundu.

Chapa ukurasa huo mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza huwa haisemi kweli, kwa sababu mashine imetoka kujisafisha. Ukipata nafasi ya kuchapa kumi, angalia wa kumi.

Sasa soma. Kwanza uushike umbali wa kawaida wa kusomea, kama sentimita 30, na ujiulize kama mteja wako angeona lolote la ajabu. Kasoro isiyoonekana kwa umbali huo haina haja ya kukukosesha usingizi. Kisha tumia lenzi ya kukuzia, ile ya sonara, au kamera ya simu nzuri. Tazama tundu la herufi e na tumbo la herufi a katika ukubwa wa 8. Yakiwa yamejaa, wino unatanuka kupita kiasi kwa karatasi hiyo. Tazama kama 3 imeanza kufanana na 8. Tazama upande mmoja wa kila herufi: vidoa vidogo vilivyotawanyika upande wa kulia tu, au wa kushoto tu, ni matone madogo yanayofuata tone kubwa kichwa kikiwa mbioni, na huongezeka katika hali ya haraka.

Mstari wa wima ukiwa umevunjika kama ngazi, au ukionekana kama miwili, kichwa hakijapangwa sawa kati ya safari ya kwenda na ya kurudi. Hilo hurekebishwa bure kutoka kwenye menyu ya printa, kwa hiyo usiikatae mashine kwa kosa hilo kabla ya kumwomba muuzaji aipange.

Michirizi myeupe ya mlalo ndani ya mraba mweusi inahitaji uangalifu zaidi, maana chanzo chake ni kimoja kati ya viwili. Chapa ukurasa wa kukagua vitundu, ambao kila printa ya wino unao. Mistari ikikatika hapo, kuna vitundu vilivyoziba. Usafishaji mmoja au miwili hutosha kwa mashine mpya. Ukurasa huo ukiwa kamili na michirizi ikabaki, tena kwa nafasi zilezile kila baada ya kipande fulani, tatizo ni jinsi karatasi inavyovutwa, na hilo si la kufuta kwa kitambaa.

Kwenye manjano, angalia kama weusi umetambaa kuingia ndani yake. Geuza karatasi: mraba mweusi ukionekana nyuma kiasi cha kusumbua maandishi, sahau kuchapa pande mbili. Karatasi ikipanda mawimbi mahali palipojaa wino, jua kwamba imelowa kuliko inavyostahimili. Weusi wenyewe uutazame karibu na dirisha. Weusi unaoelekea kahawia au kijani huenda umetengenezwa kwa kuchanganya rangi tatu badala ya wino mweusi halisi, jambo lililokuwa la kawaida katika DeskJet 500C ya mwaka 1991, ambayo ilibeba katriji moja tu kwa wakati, ama nyeusi ama ya rangi. Katika printa za leo hutokea zaidi pale mpangilio wa karatasi ya picha unapochaguliwa kwa makosa.

Hayo si maoni ya mwandishi peke yake. Mwaka 2001 kilitolewa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 13660, ambacho baadaye kilifuatwa na 24790, kinachoeleza namna ya kupima kwa vyombo weusi wa herufi, ukungu wa ukingo, mikwaruzo ya ukingo, upana wa mstari, mabaka katika eneo lililojaa na vidoa visivyotakiwa. Mnunuzi hana vyombo hivyo, ila mambo anayotakiwa kuyatazama ni hayohayo.

Maji, kalamu ya rangi na jua

Hapa ndipo kampuni yetu ya usafirishaji ilipoanguka, na ndipo maduka mengi hayapendi ufike.

Wino wa printa hizi ni wa aina mbili. Wa kwanza una rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari kwenye chai. Hung'aa vizuri kwenye picha, lakini kwenye karatasi ya kawaida maji yakirudi, rangi huyeyuka tena na kusafiri. Wa pili una chembe ndogo sana za rangi zisizoyeyuka, ambazo maji yakishakauka hubaki zimenasa kwenye nyuzi. Wa kwanza huandikwa dye katika maelezo ya mtengenezaji, wa pili pigment. Printa nyingi za ofisi huchanganya: nyeusi ya chembe kwa maandishi, na rangi nyingine za kuyeyuka. Chupa nyeusi za GI-490 za Canon na GT53 za HP, kwa mfano, ni za chembe. Chupa za Epson namba 103 ni za kuyeyuka zote, ingawa kampuni hiyohiyo ina mashine nyingine za tangi zenye nyeusi ya chembe. Si suala la jina la kampuni, ni suala la chupa. Soma maelezo ya chupa kabla ya kusoma ya printa.

Jaribio lake ni rahisi. Dakika moja baada ya kuchapa, pitisha kidole kikavu juu ya mraba mweusi. Kisha nenda na karatasi ofisini, iache hadi kesho yake. Dondosha tone la maji juu ya namba za ukubwa wa 10, hesabu hadi 30, futa mara moja kwa karatasi ya shashi. Namba zikisomeka bila wasiwasi, vizuri. Pitisha kalamu ya kupakia rangi maandishi, ile ya manjano wanayoipenda wahasibu, mara moja tu. Ikiburuta weusi, mhasibu wako atakuwa anaharibu kumbukumbu kila anapozikagua. Mwisho bandika nusu ya ukurasa dirishani penye jua na nusu nyingine ndani ya faili, uzilinganishe baada ya mwezi. Manjano na wekundu ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Je, ofisi ndogo ina haja ya yote hayo? Zabuni za serikali zimehamia katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na ankara nyingi husafiri kwa barua pepe. Lakini hati ya makabidhiano, mkataba wenye muhuri, na barua ya kukiri deni bado ni karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi wa Tanzania atunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano. Kenya nayo, katika Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huohuo, ina miaka mitano. Tona ya leza, ambayo ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, haisumbuliwi na maji, na kwa ofisi ambayo kazi yake yote ni maandishi meusi mwandishi bado angeipendekeza. Hata hivyo soko linasogea: mwaka 2022 Epson ilitangaza kwamba itaacha kuuza printa za leza ifikapo mwaka 2026 na kubaki na za wino.

Baada ya ununuzi

Printa iliyoshinda dukani yaweza kushindwa mezani kwako. Kichwa cha wino kikipumzika hurudi kwenye kifuniko chake kinachozuia kukauka. Umeme ukikatika katikati ya kazi kichwa hubaki wazi, na karani anayezima kwa swichi ya ukutani badala ya kitufe cha printa hufanya vilevile kila jioni. Katika ofisi zenye feni na joto, vitundu huziba mapema. Chapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hamna kazi, na rimu iliyofunguliwa ifungwe tena kwa karatasi yake; unyevu wa pwani huifanya itanue wino kuliko ilivyofanya siku ya kwanza.

Ule ukurasa wa majaribio uliochapwa dukani uandike tarehe, jina la karatasi na namba ya chupa ya wino, uuweke kwenye faili. Utauhitaji siku utakaposhawishiwa kujaza wino wa bei nafuu usio wa mtengenezaji. Upo ulio mzuri, na upo ambao chupa inasema nyeusi tu bila kusema ni ya kuyeyuka au ya chembe. Chapa ukurasa uleule, tia tone la maji, linganisha.

Kampuni ya usafirishaji haikuitupa printa yake. Inachapia nukuu za bei na vipeperushi. Kwa hati za makabidhiano ilinunua nyingine yenye nyeusi ya chembe, baada ya kuijaribu kwa glasi ya maji mbele ya muuzaji. Fedha za saruji zilipatikana mwishowe, baada ya dereva kurudi kwenye ghala la mteja na kuomba daftari la mlinzi wa getini, ambamo namba ya gari, idadi ya mifuko na saa ya kuingia vilikuwa vimeandikwa kwa mkono, kwa biki.